HK2, PKM2, LDHA au IDH1: uchukue kimeng'enya kipi kwa proposo yako ya kansa?

Msimu wa proposo za utafiti chuoni ukifika simu yangu inajaa meseji za aina moja, "kaka nimeamua kufanya vimeng'enya (enzaimu) na kansa ila sijui nichukue HK2 au PKM2, LDHA nayo naiona iona, halafu supavaiza anasema IDH1 ndo iko moto". Mimi huwa najibu kwa swali, una mashine gani na una miezi mingapi? Maana wengi mnachagua kwa kuangalia jina gani linatajwa sana kwenye majarida, halafu mwezi wa nne unafika hamna hata namba moja ya kuchora grafu.

Kabla hatujazilinganisha, tuelewane kidogo kuhusu umetaboli wenyewe, yaani jinsi seli inavyotumia chakula. Miaka ya 1920 kule Berlin, Otto Warburg aliona vipande vya uvimbe vinakula glukosi kwa fujo na kutema asidi laktiki hata kama oksijeni ipo ya kutosha. Ukiangalia harakaharaka unasema seli ya kansa haina akili, kwa sababu glukosi ikiishia pale kwenye asidi laktiki unapata ATP (sarafu ya nishati ya seli) 2 tu, ikichomwa mpaka mwisho kwenye mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, unapata kama 30 hivi. Warburg akahitimisha kwamba mitokondria za kansa zimeharibika, na akaing'ang'ania hoja hiyo mpaka kwenye makala yake ya 1956, ila baadaye ikaja kuonekana kwamba kwenye kansa nyingi mitokondria ni nzima na zinapiga kazi kama kawaida. Tena hata seli zisizo na kansa zikianza kukua haraka zinafanya mchezo uleule, chembe nyeupe za damu aina ya T zikishtuliwa na ugonjwa zikaanza kugawanyika zinabugia glukosi vilevile. Sababu yake ni kwamba anayejenga nyumba hahitaji umeme peke yake, anahitaji na matofali, na kaboni ya glukosi ndo tofali lenyewe la DNA, la mafuta ya utando wa seli, na la baadhi ya asidi amino.

Sasa nani anaamua glukosi hii ichomwe na hii ijengee? Hapo ndo vimeng'enya vinaingia, na hizi nne kila moja inadhibitiwa kwa namna yake. Kwangu mimi hiyo namna ya udhibiti ndo ikuongoze kuchagua, umaarufu baadaye.

Vigezo nitakavyotumia kwa zote ni hivi: inafanya nini na inadhibitiwaje, ushahidi wake kwenye kansa una nguvu kiasi gani, benchi (yaani kwa maabara ya kawaida yenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaonyonywa na sampuli, utaiweza au utaishia kulia), hospitali na dawa zikoje, mtego ambao wanafunzi wanaangukia, na mwisho inamfaa nani. Maelezo ya nyingine yatakuwa marefu kuliko nyingine kwa sababu mambo yake ni mengi, sio kwamba naipendelea.

HK2, askari wa getini

Udhibiti. Heksokinesi inaibandika glukosi fosfeti mara tu inapoingia ndani ya seli, na ikishabandikwa haiwezi kutoka tena. Mwilini zipo aina nne. Seli nyingi za mtu mzima zinatumia HK1, ini linatumia ya nne inayoitwa glukokinesi ambayo haina papara, inasubiri sukari ipande ndo ishike kazi kwelikweli. HK2 kwa mtu mzima unaikuta zaidi kwenye misuli na mafuta, lakini uvimbe mwingi unaiwasha upya, na kansa ya ini ndo mfano mzuri maana pale glukokinesi inazimwa HK2 inawashwa. HK2 inabanwa na zao lake yenyewe, glukosi-6-fosfeti ikijaa inaizuia, kwa hiyo seli ya uvimbe inatengeneza HK2 nyingi, halafu nyingine inajibandika kwenye ukuta wa nje wa mitokondria pale ATP inapotokea. Kwa hiyo habari yake kubwa ni wingi na mahali ilipokaa.

Ushahidi. Mzuri. Mwaka 2013 ilitoka kazi ya panya waliofutiwa jeni ya HK2 wakiwa wakubwa, uvimbe wa mapafu na wa matiti ukapungua na panya wenyewe wakaendelea kuishi bila shida kubwa. Hilo la pili ndo lililofurahisha watu, maana kulipiga geti la kansa bila kulipiga la mwili mzima sio jambo dogo.

Benchi. Kupima heksokinesi kwa ujumla ni rahisi, unaunganisha na kimeng'enya kingine, G6PD, unasoma NADPH (molekuli inayobeba elektroni, NADH ni ndugu yake) inavyopanda kwenye nanomita 340. Shida ni kwamba hapo unakuwa umepima heksokinesi zote kwa pamoja, ukitaka useme HK2 peke yake lazima uende kwenye antibodi (protini inayonasa HK2 peke yake) au qPCR (kipimo cha kuhesabu RNA ya jeni).

Hospitali. Hapa HK2 inazishinda zote kwa kuonekana, maana picha ya PET (skani inayoonyesha sehemu zinazobugia glukosi) inategemea kazi hii hii. Mgonjwa anachomwa glukosi yenye florini-18 (nusu yake inaisha kila dakika 110 hivi, ndo maana PET inataka saiklotroni, mashine inayoitengeneza, iwe karibu), heksokinesi inaibandika fosfeti, na kwa vile imebadilishwa umbo haiwezi kuendelea mbele, inanasa pale pale inawaka. Upande wa dawa ni pakavu, 2-deoksiglukosi, glukosi bandia inayoziba njia hii, ilijaribiwa kwa watu na haijawa dawa ya kansa.

Mtego. Kuandika kwamba kinachowaka kwenye PET ni kansa. Kifua kikuu kinawaka, usaha unawaka, na kwa kanda yetu ambako TB ipo kila kona hilo ni la kulisema ukurasa wa kwanza. Pia mwanga ule unategemea na milango ya glukosi kama GLUT1, sio HK2 peke yake.

Inamfaa mwenye qPCR, au anayetaka kukaa karibu na radiolojia.

PKM2, foleni ya Tunduma

Udhibiti. Piruveti kinesi ndo hatua ya mwisho ya glikolisisi (njia ya kuvunja glukosi), inatoa piruveti na ATP. Jeni moja ya PKM inatoa aina mbili kutegemea kipande gani kimebaki kwenye RNA, kikibaki cha 9 unapata PKM1, kikibaki cha 10 unapata PKM2. PKM1 iko wazi muda wote. PKM2 inabadilika umbo, ikikaa vipande vinne pamoja inafanya kazi kwa kasi, ikiachana ikawa viwili viwili inapoa. Fruktosi-1,6-bisfosfeti, molekuli ya hatua za juu za njia hiyohiyo, inaiamsha, na asidi amino serini pia inaiamsha, wakati ishara za ukuaji zinazopitia tairosini zinaiachanisha.

Sasa mbona seli inayokua itake kimeng'enya kinachozubaa? Fikiria foleni ya malori pale Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mpaka ukiwa mzito malori yanarundikana kilomita na kilomita, kila dereva analalamika, lakini gesti zinajaa na mama lishe wanauza kuliko kawaida. PKM2 ikipoa, molekuli za juu yake zinarundikana, na zikirundikana zinaanza kuchepuka kwenda kutengeneza serini, ribosi ya DNA, gliseroli ya mafuta. Yaani uvivu wa pale mwisho ndo unaolisha ujenzi wa pembeni. Mimi niliposoma hii kitu mara ya kwanza nilikaa kimya dakika nzima.

Ushahidi. Hapa ndo kwenye utamu na ndo kwenye ugomvi. Mwaka 2008 kundi la Lewis Cantley lilichapisha kwenye Nature kwamba ukiitoa PKM2 kwenye seli za kansa ukaweka PKM1, uvimbe unakua kwa shida ndani ya panya. Dunia nzima ikakimbilia PKM2. Halafu 2013 ikatoka kazi nyingine, panya wenye kansa ya titi wakafutiwa PKM2 kabisa, na uvimbe ukaota haraka zaidi! Kwa maelezo ya sasa hivi, kinachotakiwa na uvimbe ni uwezo wa kuipunguza kasi hatua ile, sio PKM2 yenyewe kama PKM2. Kwa hiyo ukiandika kwamba PKM2 ni chanzo cha kansa, mtahini anayesoma atakusubiri kwenye viva na kisu mkononi.

Benchi. Kuna njia mbili za bei poa ambazo watu wanazisahau. Ya kwanza, pima kasi ukiwa na fosfoenolpiruveti (malighafi ya piruveti kinesi) kidogo, halafu ongeza fruktosi-1,6-bisfosfeti upime tena: PKM2 itaruka, PKM1 haitikisiki (soma NADH ikishuka kwenye 340 kwa kuunganisha na LDH). Ya pili, nakilisha kwa PCR eneo lenye vile vipande vya 9 na 10, kisha katisha na PstI, kimeng'enya kinachokata DNA, ya PKM2 inakatika ya PKM1 inabaki. Hiyo inakuokoa na antibodi. Antibodi yangu mimi ilifika barafu imeshayeyuka zamani, boksi linavuja maji, na bajeti yote ilikuwa humo.

Hospitali. Kwa kansa hakuna dawa ya PKM2 iliyopitishwa. Ila kuna ndugu yake wa kwenye chembe nyekundu za damu, PKR, ambaye kichocheo chake kinaitwa mitapivat kilipitishwa Marekani 2022 kwa anemia ya upungufu wa piruveti kinesi, na kimekuwa kikifanyiwa majaribio kwa selimundu. Kwa anayetoka kanda yenye selimundu nyingi kama yetu huo ni mlango wa kufikiria.

Mtego. Kuna madai mengi kwamba PKM2 inaingia kwenye kiini cha seli na kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Watu bado wanabishana vikali juu ya hilo, usijenge tasnifu nzima juu yake.

Inamfaa mwenye kupenda mabishano, anayesoma makala mbili zinazopingana akafurahi badala ya kuumwa kichwa.

LDHA, mrudisha kreti

Udhibiti. Ukienda depo kuchukua soda bila kreti tupu na chupa zake, hupewi, hata uwe na hela. Glikolisisi iko hivyohivyo, katikati kuna hatua inayotaka NAD+ tupu ili iijaze iwe NADH, na NAD+ zikiisha mstari wote unasimama. LDHA inachukua piruveti na NADH, inatoa laktiki na NAD+ tupu inarudi depo. Asidi laktiki ambayo watu wanaiona kama uchafu wa kansa, kwa upande huu ni risiti tu ya kreti lililorudi.

Kimeng'enya chenyewe kimeundwa na vipande vinne, vya aina A au B, kwa hiyo unapata michanganyiko mitano, LDH1 ya moyo mpaka LDH5 ya misuli na ini. Uvimbe mwingi unaegemea A. Anayeiwasha ni MYC, jeni inayosukuma ukuaji wa seli, pamoja na HIF-1 pale oksijeni inapopungua, na kwenye MYC ndo hadithi inakuja nyumbani kabisa: Denis Burkitt alikuwa Mulago, Kampala, alipoandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, na mwaka 1982 ikaonekana kwamba kwenye limfoma hiyo jeni ya MYC imehamishwa sehemu isiyo yake ikabaki imewaka. Mwaka 1997 ikaonyeshwa kwamba MYC inaiwasha LDHA moja kwa moja. Ni uvimbe unaoweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili, na LDH ya damu inapaa. Nikiulizwa kimeng'enya gani kina anwani ya Afrika Mashariki, jibu ndo hili.

Ushahidi. Mwaka 2006 seli za kansa ya titi za panya zilizopunguziwa LDHA zilishindwa kustawi. Ila kazi za baadaye, 2018 kwa mfano, zilionyesha kwamba kwenye baadhi ya seli ukiondoa A peke yake B inaziba pengo, lazima uondoe zote mbili, na hata hapo seli haifi, inarudi kutumia mitokondria na kukua polepole. Seli ya kansa ina njia za panya nyingi.

Benchi. Rahisi kuliko zote. Piruveti, NADH, spektrofotomita, umemaliza. Unaweza pia kuendesha jeli ukaipaka rangi ukaona mistari mitano kwa macho yako, na mazoezi unafanyia moyo wa ng'ombe na mnofu wa kutoka buchani kabla hujagusa sampuli ya mtu. Angalizo, NADH iliyoyeyushwa haidumu, tengeneza siku hiyohiyo, na kama umeme wa kwenu una tabia zake usiiamini friji.

Hospitali. LDH ya damu inapimwa hospitali nyingi na inatumika kukadiria hali ya limfoma, melanoma na uvimbe wa korodani. Dawa ya kansa inayoizuia LDHA haijapitishwa. Kwa ugonjwa mwingine ipo, nedosiran ilipitishwa Marekani 2023 kupunguza LDHA ya ini kwa wenye ugonjwa wa kurithi wa oksaleti.

Mtego. LDH inapanda kwa kila kitu! Malaria inaipandisha, selimundu, hata damu iliyotolewa vibaya seli zikapasuka kwenye bomba la sindano. Usipoandika mapema sampuli zipi utazitupa, data yako yote itakuwa uji. Na kipimo cha hospitali kinasoma LDH zote tano, hakikuambii A ni kiasi gani.

Inamfaa mwenye bajeti ndogo na benchi la kawaida, na mwenye njia ya kufikia wodi ya watoto au limfoma.

IDH1, mpishi aliyegeuka

Udhibiti. Hizo tatu zinafanya kazi zao za kawaida kwa kuzidi au kupungua. IDH1 ni kitu kingine kabisa. Kazi yake halali ni kugeuza isositreti kuwa alfa-ketoglutareti na kutoa NADPH. Ikibadilika herufi moja, mara nyingi asidi amino ya 132 kutoka arginini kwenda histidini, inaacha kazi ya zamani inaanza mpya, inachukua alfa-ketoglutareti na NADPH inatengeneza 2-hidroksiglutareti. Ni kama una wapishi wawili, mmoja anaendelea kupika chapati, mwenzie anachukua zilizoiva anazichachusha apate gongo. Hiyo gongo inavuruga vimeng'enya vinavyofuta alama kwenye DNA na histoni (protini ambazo DNA inajizungushia), seli inakwama utotoni bila kukomaa.

Ushahidi. Mzito kupita hizo nyingine. Mabadiliko yaligunduliwa kwenye uvimbe wa ubongo 2008, zao jipya likajulikana 2009, na glioma (uvimbe wa ubongo wa aina hiyo) nyingi za daraja la 2 na la 3 zinayo. Kwenye AML, aina ya kansa ya damu, ipo pia, pamoja na ndugu yake IDH2.

Benchi. Hapa ndo pagumu. Unahitaji tishu ya ubongo au ya uboho, antibodi maalumu au kusoma jeni, na 2-hidroksiglutareti yenyewe inataka mas spektrometa, mashine ya kupima molekuli kwa uzito wake. Bila hivyo unabaki kwenye kompyuta, ambayo sio mbaya hata kidogo, data za TCGA (hazina ya data za jeni za kansa) ni bure na tovuti ya kuzichambua, cBioPortal, inafunguka hata kwa bando la kawaida.

Hospitali. Dawa zipo za kweli: enasidenib ya IDH2 mwaka 2017, ivosidenib 2018 kwa AML, vorasidenib 2024 kwa glioma za daraja la 2. Bei yake kwa huku kwetu ni mjadala mwingine.

Mtego. Wanafunzi wanaandika kwamba mwenye mabadiliko ya IDH ana hali mbaya zaidi. Kwa glioma ni kinyume chake, kwa wastani wanaishi muda mrefu kuliko wasio nayo. Na usiichanganye na habari ya Warburg, hii haina uhusiano wa moja kwa moja na kutema laktiki.

Inamfaa anayeelekea jenetiki, au anayependa dataseti kuliko pipeti.

Kulingana na hali yako

Kama ni mwaka wa tatu, miezi mitatu, spektrofotomita moja mnagombania darasa zima, LDHA ina nafasi kubwa ya kukupa namba kabla ya tarehe. Isipokuwa kama mnataka sampuli za wagonjwa, hapo anza na kibali cha maadili leo hii, kwa Tanzania ni NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, na kwa Kenya utahitaji na leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi, na wala usipange chochote kwa kudhani kibali kitatoka wiki ijayo.

Kama ni masta na una PCR inayofanya kazi, HK2 na PKM2 zote zinawezekana. Tofauti ni swali lako, ukiuliza "ipo kiasi gani na iko wapi" nenda HK2, ukiuliza "inawashwaje na kuzimwaje" nenda PKM2. Supavaiza akiwa mtu wa protini na umbo zake, PKM2 itamfurahisha, akiwa mtu wa picha za hospitali ataelewa HK2 haraka.

Kama huna maabara kabisa, laptopu tu, IDH1 kwa TCGA, na ujifunze R, lugha ya kompyuta ya takwimu, mapema.

Kama nia yako ni dawa, IDH1 ina dawa mpya, lakini nakushauri uangalie na vimeng'enya vya zamani ambavyo watu wanavidharau, mfano DHFR inayozuiwa na methotreksati. Miaka ya 1950 dawa hiyo iliwaponya wanawake wenye koriokasinoma (kansa ya kondo la nyuma), na inapatikana hospitali za huku mpaka leo. Sio ya kutamba nayo kwenye semina, lakini mgonjwa ameinywa.

Na kama huna seli za kansa, huna kibali, huna hela, kuna hamira. Ndio, ile ya maandazi. Ukiipa sukari nyingi inachachusha hata oksijeni ikiwepo, tabia ya familia moja na ile aliyoiona Warburg, ila yenyewe kreti inazirudisha kwa kutengeneza pombe badala ya laktiki. Piruveti kinesi yake inaamshwa na fruktosi-1,6-bisfosfeti kama PKM2, na heksokinesi yake moja inaitwa Hxk2 (usiichanganye na HK2 ya binadamu, majina tu yamefanana). Ikuze kwenye sukari asilimia 2 na kwenye asilimia 0.1, ivunje, pima piruveti kinesi ukiwa na fruktosi-1,6-bisfosfeti na bila hiyo, rudia mara tatu, uone mstari wa NADH unavyoporomoka.